Makumbusho ya vipande, na bustani niliyoipa jina BAKI

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliwaahidi sehemu ya pili ya somo la hifadhidata, na wapo walioniandikia kuuliza kulikoni, je, nimeacha kuandika? La, sijaacha. Miezi mitatu hii nimekuwa nikijenga makumbusho. Msicheke. Makumbusho ya bahari, yenye kumbi na mapaa na bustani kando yake, ufukweni Mombasa. Hayapo popote isipokuwa ndani ya tarakilishi yangu na kwenye mfano wa kadibodi ulioko juu ya kabati nyumbani kwa mjomba. Lakini yamenigombanisha na binamu yangu kwa siku tisa, na yamenitia aibu mbele ya mama yangu mzazi, kwa hiyo hifadhidata itasubiri.

Kisa kilianza hivi. Binamu yangu anasomea usanifu wa majengo, na wakati huo alikuwa anaandaa mradi wake wa kumaliza masomo. Alitakiwa kuchagua eneo lililo kando ya maji, kisha abuni makumbusho yanayoweza kujengwa kipande kwa kipande kadiri pesa zinavyopatikana, pamoja na bustani ya umma iliyopakana nayo. Akachagua Mama Ngina.

Kwa wasioijua Mombasa: hiyo ni barabara inayofuata ukingo wa kusini wa kisiwa, kutoka upande wa bahari kuu hadi karibu na feri ya Likoni. Kuna mibuyu mizee, kuna mwamba wa matumbawe unaokatika ghafla na kushuka hadi majini, na mbele yake ni mlango wa kuingilia Kilindini, ambapo meli za makontena hupita karibu kiasi kwamba unasoma jina ubavuni bila darubini. Mwaka 2019 sehemu hiyo ilifungwa ikakarabatiwa, ikafunguliwa Oktoba ikiwa bustani rasmi ya ufukweni, na sherehe za kitaifa za Mashujaa za mwaka huo zikafanyiwa hapo hapo. Kwa hiyo bustani ipo. Alichotaka binamu ni kuiwazia upya, kwenye karatasi, ikiwa pamoja na makumbusho.

"Si tuna Fort Jesus?" nilimuuliza. Akasema ndiyo, na ni makumbusho mazuri. Ngome ile Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, na vitu vilivyoopolewa kutoka meli yao ya Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 na kuchunguzwa na wapiga mbizi kati ya 1977 na 1980, vimehifadhiwa humo. "Lakini kaka, jahazi halipiti langoni." Alitaka mahali pa kuweka vyombo vizima: jahazi, mashua, ngalawa, na mfano wa mtepe, kile chombo cha zamani kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Hapo nikakosa jibu.

Sasa, sisi waandishi wa programu tukisikia neno moduli masikio husimama kama ya sungura. Unaigawa kazi kubwa katika vipande, kila kipande kinafanya jambo lake, vinaunganishwa kwa njia iliyokubaliwa mapema, kimoja kikiharibika unakitoa na kuweka kingine bila kuamsha nyumba nzima. Nikamwambia binamu, hiyo ndiyo kazi inayonilisha, lete hapa.

Kipande cha kwanza tulichokifikiria ni kontena. (Kila mwanafunzi wa usanifu aliye karibu na bandari hufikiria kontena. Mhadhiri wake alimwambia hivyo baadaye, na haikuwa sifa.) Kontena lipo tele na lina vipimo vile vile dunia nzima: upana mita 2.44, urefu mita 6.06 au 12.19, na kwenye pembe zake kuna matundu ya chuma ya kulifungia, sawa sawa popote uendapo. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni ndoto. Lakini lenyewe ni sanduku la chuma. Liache juani Mombasa saa saba mchana kisha ingia ndani uone. Utaweka viyoyozi, viyoyozi vitataka umeme, na huku hewa ya chumvi inakula kuta usiku na mchana. Tukalitupa wazo la kontena. Ule upana wake tu ndio uliobaki, na uliokolewa na mjomba.

Mjomba wangu, babake binamu, aliwahi kufanya biashara ya boriti Lamu enzi hizo. Alipita nyuma yetu na kikombe chake cha kahawa, akaangalia skrini, akasema, "Huo ni upana wa chumba cha Lamu." Tukageuka. Akavuta kiti.

Nyumba za mawe za Lamu zina vyumba virefu lakini vyembamba, na sababu si urembo. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti iliyonyooka na yenye nguvu ya kubeba dari zito hutosha kuvuka mita 2 na nusu, au 3 hivi. Ukitaka nyumba kubwa hurefushi boriti; unaongeza chumba kingine ubavuni mwa cha kwanza. Ukuta, chumba, ukuta, chumba. Na miti yenyewe ilikuwa na madaraja kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, ikihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Fundi wa Lamu akiagiza korija tatu za mazio hakuhitaji kuchora kitu. Majahazi yaliipeleka miti hiyo hadi Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu, ndiyo maana nyumba za kale za huko nazo zina vyumba vya upana huo huo. Hebu fikiria! Kiwango kimoja cha ujenzi kutoka Lamu hadi Kuwait, kabla kontena halijazaliwa, na hakuna kamati iliyoketi kukipitisha. Mti ndio uliokipitisha.

Siku hizi mikoko haikatwi ovyo, na ni vizuri, kwa hiyo tulichukua kipimo tukaiacha miti. Gridi ikawa ya mita 2.4. Ukumbi mmoja ni miraba mitatu kwa mitatu, yaani mita 7.2 kwa 7.2, wenye fremu ya mbao inayokuja kwa lori ikiwa imelala na kusimamishwa pale pale. Kwa jahazi unaunganisha kumbi kadhaa kwa mstari. Hadi hapo sina ninachojutia.

Kisha nikaandika programu.

Ilikuwa ya Python, mistari kama mia nne, na nilikuwa nimejivunia kweli kweli. Unaipa ramani ya eneo iliyokatwa kwa miraba, unaipa idadi ya kumbi, nayo inazipanga na kuzipangua maelfu ya mara usiku kucha, kila mpangilio ukipewa maksi. Ukumbi unaoona bahari, maksi. Unaopata upepo, maksi. Kumbi zilizo karibu karibu ili mgeni asichoke, maksi. Karibu na maegesho, maksi. Asubuhi unakuta mipangilio kumi bora inakusubiri pamoja na chai.

Na bustani? Bustani niliihesabu hivi: chukua eneo lote, toa kumbi, toa njia za magari. Kilichosalia nikakipa jina BAKI. Ndivyo nilivyoandika, kwa herufi kubwa. Sharti lilikuwa BAKI isipungue asilimia 60 ya eneo. Programu ikatii bila shida, mimi nikalala usingizi mnono.

Binamu aliupeleka mpangilio wa kwanza mbele ya jopo la wahadhiri wake, nami nikakaa nyuma kabisa ya chumba kama mgeni. Haikuchukua dakika kumi. Mhandisi mmoja aliuliza swali la kwanza: "Huu mwamba umeupima?" Kwa kuwa nilitoa maksi nyingi kwa kuona bahari, kumbi zote zilikuwa zimejipanga ukingoni kama watu wanaongoja feri. Na ukingo wa matumbawe ni mdanganyifu: juu unaonekana jiwe gumu, chini mawimbi yamekwisha kuuchimba ukabaki kama kibaraza kinachoning'inia. Fort Jesus yenyewe imekaa juu ya mwamba wa aina hiyo, na bahari imekuwa ikiula msingi wake hadi miaka ya karibuni ulipojengwa ukuta wa kuzuia mawimbi. Sisi tulikuwa tumepanga majahazi mazima juu ya kibaraza.

Swali la pili lilitoka kwa mama mmoja mhadhiri ambaye hakuinua hata sauti. Aliweka kalamu kwenye ramani akasema, "Watu ishirini wa familia moja wamekuja Idi. Wanatandika mkeka wapi?"

Binamu akatafuta. Nami kule nyuma nikatafuta. Asilimia 60 ilikuwepo, tena na ushei, lakini ilikuwa kama vitambaa vinavyobaki chini ya cherehani ya fundi: utepe hapa, pembetatu pale, ukanda mrefu nyuma ya kumbi ambao hauoni bahari wala hauna kivuli. Ukivijumlisha unapata kanzu. Ukitaka kushona kanzu hupati hata mkono.

Akapewa wiki sita arudi na kitu kingine. Na hii haikuwa kazi ya kawaida ya darasani, asiporidhisha hapo anarudia mwaka mzima, karo juu ya karo, na mjomba hana karo ya pili.

Msomaji, laiti ningeomba msamaha pale pale. Badala yake nilianza kuitetea programu. Nilimwambia sharti halikuandikwa vizuri, kwamba jopo linataka hadithi badala ya hesabu, kwamba nitaongeza sharti moja la upana na usiku mmoja itakuwa imetengemaa. Akaniangalia akasema, "Kaka, umeipanga bustani kama mtu anayehesabu nafasi iliyobaki kwenye diski." Kisha akachukua ramani zake akaondoka. Siku tisa hakupokea simu yangu, na mimi kwa kiburi nilipiga mara mbili tu.

Jumapili ya pili nilikwenda kumwona mama. Mama yangu aliuza mihogo na viazi karai pale Mama Ngina tangu sijaanza shule hadi 2019. Mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu, na msimu wa mabuyu anaweka na mabuyu. Tarakilishi yangu ya kwanza, ya mitumba, yenye skrini nzito kama jiwe la kusagia, ilitoka kwenye mihogo hiyo. Eneo lilipofungwa kwa ukarabati alihamishia karai mlangoni nyumbani, na lilipofunguliwa magoti yake yalikuwa yamekwisha kukataa. Harudi tena, na hasemi sana kuhusu hilo.

Nilikuwa nimefungua ramani mezani, si kwa ajili yake, nilikuwa bado nabishana na ile asilimia. Akavaa miwani yake, akainama.

"Hapa si ndipo penye ule mbuyu mkubwa?"

"Ndipo, mama."

"Basi mimi nikae wapi?"

Nikacheka. "Mama, wewe huuzi tena."

"Najua siuzi, mwanangu. Nauliza ningekaa wapi."

Nikatafuta mahali pake. Napajua vizuri, nilifanyia hesabu za darasa la nne pale chini ya meza. Kwenye mpangilio wangu bora, ule ulioshinda maelfu ya mipangilio mingine, mahali pa mama palikuwa mlango wa nyuma wa kutolea taka za mkahawa. Wachuuzi nilikuwa nimewaweka wote mwisho wa mashariki, karibu na maegesho, kwa sababu kwenye maegesho ndiko kulikokuwa na maksi. Sikuwa na la kusema. Nilikaa nikiangalia lile neno BAKI upande wa kulia wa skrini, nikiomba Mungu asiulize ni nini. Hakuuliza. Alikwenda kuleta chai.

Tulipokunywa chai ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya mwezi wa kwanza: nikachukua daftari nikamwuliza pale mahali panafanyaje kazi. Saa mbili nzima. Katika kazi yangu nimehudhuria vikao vingi vya kukusanya mahitaji ya wateja, vyenye slaidi na maji ya chupa, na sijawahi kujaza daftari namna ile.

Alinieleza kwamba watu hawaji saa za makumbusho. Wanaanza kuja jua likishalegea, saa kumi na nusu, na wanakaa hadi usiku. Kabla ya hapo ni wanafunzi waliotoroka na wapenzi. Kwamba mbuyu si mti wa kutegemea kwa kivuli, una miezi yake hauna jani hata moja, na programu yangu ilikuwa imeuhesabia kivuli mwaka mzima. Kwamba mwarobaini ndio mti wa kukalia. Kwamba familia hukaa pale ambapo mtoto akikimbia atakutana na watu wazima wengine kabla ya kufika barabarani au ukingoni. Kwamba ukimwekea mchuuzi kibanda bila bomba la maji na mahali pa kumwaga majivu umemwekea sanamu.

Kuhusu moshi alinipa somo la pepo ambalo ningelipa pesa kulipata. "Kusi ikivuma, moshi waenda mjini. Kaskazi ikivuma, moshi warudi baharini kwa upande wa feri. Mwenye akili hukaa mwisho wa feri, moshi usimpate mtu miezi yote." Fungua ramani uangalie: kusi hutoka kusini na kusini mashariki, kaskazi hutoka kaskazini mashariki, zote mbili zinasukuma kuelekea magharibi, moja juu kidogo, moja chini kidogo. Mimi niliwaweka wachuuzi mashariki. Moshi wa mihogo ungepita ndani ya kumbi zangu zote mwaka mzima, na abiria wanaoshuka feri wakiwa na njaa wangelazimika kutembea eneo zima kuufuata.

Mwisho kabisa akauliza, "Na choo?" Choo kilikuwa ndani, baada ya dirisha la tiketi. Akaniangalia tu juu ya miwani.

Jioni ile nilimwandikia binamu ujumbe wa maneno mawili, "Nilikosea mimi," mikono ikitetemeka. Akajibu kesho yake: "Njoo na shangazi."

Wiki tano zilizobaki zilikuwa za kazi kweli. Kwanza nilisoma hadi mwisho yale maandishi aliyonipa tangu siku ya kwanza, kuhusu makumbusho ya sanaa ya Louisiana huko Humlebæk, Denmark, kaskazini ya Copenhagen. Mimi nilikuwa nimesoma nusu tu, ile nusu iliyonifurahisha: yalifunguliwa 1958, yakaongezwa kipande 1966, kingine 1971, 1976, 1982, 1991. Kwangu hiyo ilikuwa kama orodha ya matoleo ya programu, na nikaona inatosha. Nusu niliyoiruka inasema hivi. Mwenyewe, Knud W. Jensen, ambaye familia yake ilifanya biashara ya jibini, alinunua nyumba ya zamani iliyojengwa 1855 (mjenzi wake alioa mara tatu, na wake zake wote watatu waliitwa Louise, ndipo likatoka jina). Nyumba ilikuwa na bustani ya miti mikubwa ikishuka hadi bahari ya Øresund, ng'ambo ni Uswidi. Wasanifu wake, Jørgen Bo na Vilhelm Wohlert, walitembea kwenye bustani hiyo kwa miezi kabla ya kukubaliana cha kuchora. Ndiyo maana korido zake za vioo zinapinda: zinaikwepa miti. Na kile kipande cha 1991 kilizikwa chini ya ardhi, kufunga mzunguko bila kula nyasi. Yaani kila toleo jipya lilianza kwa kuuliza bustani inaruhusu nini. Mimi nilinakili tarehe nikaacha sababu.

Lakini hatukuweza kunakili Louisiana hivi hivi. Korido ya vioo Mombasa ni jiko la kuokea mkate. Tena ile bustani ni ya mwenye tiketi, yetu ilikuwa ya umma. Kwa hilo tuliangalia jirani, Forodhani ya Unguja, ambayo nimeitembelea mara mbili na nyote mnaijua kwa urojo na mishikaki. Ilikarabatiwa na shirika la utamaduni la Aga Khan ikafunguliwa tena 2009, ukuta wa bahari ukarekebishwa, na wauza vyakula wa usiku wakabaki na eneo lao, si kwa huruma bali kwa sababu wao ndio wanaoijaza bustani. Mbele yake limesimama Beit-al-Ajaib la 1883, ambalo lilikuwa makumbusho, na ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 wakati likikarabatiwa, watu wawili wakafariki. Binamu alilitaja hilo mbele ya jopo kwa sauti ya chini, akieleza kwa nini anataka kumbi ndogo ndogo: chumvi itashinda sehemu fulani siku fulani, hilo halina shaka, na siku hiyo unataka kufunga ukumbi mmoja ukautengeneza, bila makumbusho yote kulala.

Kiungo ndicho kilichotusumbua zaidi. Kumbi tunazo, bustani tunayo, vinashikana vipi? Kwenye programu ningesema kiolesura, na katika kazi yangu mambo mengi huharibikia hapo, si ndani ya vipande. Tulijaribu ua, tukajaribu lango, tukajaribu ngazi. Ni mjomba tena, safari hii bila kahawa: "Nyumba ya Mswahili inashikana na njia kwa nini? Kwa baraza."

Basi. Baraza ni sehemu ya nyumba lakini mpita njia anaketi bila kuomba ruhusa. Mwenye nyumba akifunga mlango, baraza inabaki nje na mtaa. Tukaondoa korido zote. Kati ya ukumbi na ukumbi tukaweka njia pana yenye paa, isiyo na ukuta upande wa bustani, yenye mabaraza ya mawe ya kukalia pande zote. Mchana mwenye tiketi anapita humo kutoka ukumbi hadi ukumbi. Saa ya kufunga, kila ukumbi unafunga mlango wake wenyewe, na njia yote ile yenye paa na taa zake inakuwa mali ya bustani hadi usiku. Mvua ikinyesha wa mkekani anajua pa kukimbilia. Choo nacho kikatoka ndani kikakaa mpakani, mlango wake ukaangalia bustani.

Programu niliigeuza miguu juu kichwa chini. Sasa inaanza na vitu visivyoguswa: miti, uwanja wa mikeka, mahali pa wachuuzi, njia ambazo watu wamekwisha kuzikanyaga wenyewe, na ukanda wa ukingoni ambao haubebi chochote kizito kuliko kiti na kizuizi cha kushikilia. Kinachosalia baada ya hapo ndicho kumbi zinaruhusiwa kugombania. Maksi za kuona bahari nimezipunguza. Binamu alinikumbusha kwamba aliyekuja kutazama mtepe hahitaji bahari dirishani, ataiona akitoka. Mipangilio iliyotoka ilikuwa michache na mibaya zaidi kwa macho ya programu ya zamani. Nilijaribu kuzilinganisha kwa ule mfumo wa kwanza wa maksi, mpangilio tuliouchagua ungepata nafasi ya mia mbili na kitu.

Siku ya mwisho jopo lilibishana naye zaidi ya saa moja, na ubishi mkubwa haukuwa mwamba wala moshi. Alikuwa ameandika kwamba pesa zikitosha awamu moja tu, kijengwe kwanza choo, bomba la maji, baraza na miti ya kivuli, pamoja na banda moja lisilo na kuta lenye jahazi moja ndani yake. Mhadhiri mmoja alikasirika: mtu ameagiza makumbusho, unampa choo na chombo kimoja? Binamu alijibu kwamba majahazi hutengenezwa chini ya banda la makuti, kwenye upepo, watu wakipita na kuuliza maswali, na kwamba banda lile tayari ni ukumbi wa kwanza, kuta zitakuja. Yule mhadhiri hakuridhika, na nadhani hadi leo hajaridhika. Lakini yule mama wa swali la mkeka alikuwa anaandika kitu. Binamu alipita. Si kwa maksi za juu kabisa, alipita, na mjomba alichinja mbuzi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mama alikuja kuona ule mfano wa kadibodi. Binamu alikuwa amemaliza kubandika kila kitu, vibanda vya wachuuzi vikiwa vimepangwa mstari mzuri ulionyooka. Mama akaviangalia, akasema wachuuzi hawapangwi kama askari, kila mmoja anataka kumwona anayekuja kabla mwenzake hajamwona. Wembe na gundi vikatolewa saa tano za usiku. Sasa vimekaa kwa upinde.

Programu ninayo bado na nitaiweka mtandaoni nikishaisafisha, maana kuna mistari humo ya siku za kiburi. BAKI haipo tena. Kuna hitilafu moja sijaitatua: inaendelea kuweka viti vitatu upande wa mashariki ambako saa nne asubuhi ni jua kali tupu, na kila nikiirekebisha inavihamishia pengine pabaya zaidi. Nilimwambia mama. Akasema niviache hapo, saa nne hakuna anayekuja.